Muuza Petroli Anayedai Upondo

Yule mama anayeuza petroli hapa Kiongoroni hamuuzii mtu kabla hajachungulia ndani ya boti yake. Anashika ukingo kwa mikono inayonuka petroli hata aisugue na ndimu, anaangalia, halafu anauliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza: "Upondo uko wapi?" Kama huna mti wa kusukumia boti, hupati hata lita. Mimi, nahodha bora kuliko wote delta hii, muulize yeyote ila si mke wangu, nilikuwa namcheka. "Mama, upondo wa nini? Redio imesema watachimba mafuta yetu wenyewe huko baharini. Tutayaogea!" Akafunika dumu. "Yakichimbwa yatapita kwangu? Yataanza kwa wakubwa, we utayasikia redioni hukohuko. Injini hainywi taarifa ya habari. Kakate mti, baba."

Nikakata, huku nimenuna. Basi juzi petroli imeadimika, mke wangu Zuhra kashikwa na uchungu wa kujifungua, na yule mama akanimiminia tone lake la mwisho. Likatuishia katikati ya mikoko, kabla ya hospitali. Nikasukuma na upondo mpaka viganja vikachubuka, Zuhra akinitukana njia nzima, na tukafika. Nilipompelekea yule mama wa petroli mtoto wetu, alinawa kwa ndimu, akanusa mikono, akanawa tena, ndipo akampakata. Nikafungua mdomo nimshukuru. Yeye keshaanza kuchungulia kwenye boti.

"Upo, mama," nikasema. "Upo."