Prosesa Iliyonuka Omena

Kompyuta mpya ya shemeji yangu ilikuwa inanuka omena.

Kila aliyekuwa chumbani alishangaa. Mimi sikushangaa, kwa sababu mimi ndiye niliyejua hao dagaa wakavu waliingiaje humo.

Naandika haya nikiwa na aibu, na jina sifichi. Naitwa Oketcho, fundi wa simu hapa Tororo, Uganda. Watu huniita Injinia. Jina hilo nilijipa mwenyewe, wao wakalizoea.

Herbert ni mdogo wake mke wangu Florence. Kwao ni Rubongi, karibu na kambi ya jeshi. Alitaka kufungua chumba cha gemu, vijana wacheze mpira kwenye skrini na kulipa kwa mechi. Baba yao, yaani mkwe wangu, alikuwa na ng'ombe wawili wa kulimia. Akamruhusu auze mmoja. Aliyebaki angelima na ng'ombe wa jirani.

Mkulima akikubali kuvunja jozi ya jembe lake, ujue amemwamini mtoto.

Mzee akaniita, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho 'una' na 'ina' zote huwa 'na': "Wewe najua hiyo mambo ya kompyuta. Enda na yeye. Asidanganywe."

Tukavuka Busia, upande wa Kenya, hadi duka la kompyuta la Mama Ajambo. Mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni, bisibisi mkononi. Nikajisemea, huyu nitampiga maneno mawili ya kiufundi atulie.

"Tunataka i7," nikasema kwa sauti nzito, nikimaanisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

"i7 ya mwaka gani?"

Nikakwama. Kumbe i7 zina miaka.

Ajambo akaacha kuniangalia, akamgeukia Herbert.

"Hizi i7 nilizo nazo zimetolewa kwa kompyuta za ofisi za zamani. Jina kubwa, nguvu imeisha. Na bodi yake ikiungua, kupata ingine ni kuhangaika. Pesa yako ni kidogo, kijana, so chukua Ryzen 5 hii, 5600G. Ina graphics ndani, utaanza bila kadi. Bodi nakupa hii ya B550. Siku ukipata kadi ya picha unachomeka tu, huna haja ya kubadilisha kitu."

"Shemeji, nasemaje?" Herbert akaniuliza.

"Si mbaya," nikasema. Ndani nilikuwa nafukuta. Mama huyu alikuwa amenivua uinjinia mbele ya shemeji yangu.

Ajambo akaifunga prosesa kwenye bodi, akaweka feni juu yake, akawasha. Picha ikatokea safi.

"Msiifungue tena," akatuambia. "Bebeni hivi hivi mpaka nyumbani." Akatuandikia risiti. Skrini na kasha lenye vifaa vingine vilikuwa tayari Rubongi.

Sasa, sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa mmoja. Hatuamini kwamba mzigo unaweza kuvuka ukiwa mzima. Baiskeli inatangulia magurudumu, fremu inafuata. Redio inavuka leo, spika zake kesho. Kitu kikiwa vipande hakiitwi bidhaa, kinaitwa vitu vyangu vya nyumbani. Tumekua tukiona hivyo.

"Kuchagua amechagua yeye," nikamwambia Herbert. "Kuvuka mpaka niachie mimi. Wewe pitia getini mikono mitupu."

Nikaingia kibanda cha chai, nikaivuta ile feni. Ilikuwa imegandana na prosesa kwa ile dawa nyeupe ya kupoza. Nikavuta kwa nguvu, zikatoka zote mbili. Sikuangalia pini chini yake. Bodi nikaiviringisha kwenye sweta. Prosesa nikaifunga kwenye kikaratasi, nikaizika katikati ya mfuko wa omena niliyomnunulia Florence. Nikakata njia ya panya.

Hakuna aliyenisimamisha. Nilitembea nimetuna kifua.

Rubongi tukaunganisha kila kitu. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Florence akainama karibu. "Oketcho, mbona hii kitu nanuka mukene?" Mukene ndiyo hiyo hiyo omena, kwetu.

"Ni harufu ya kiwandani," nikasema.

Akauangalia mfuko wa omena, akatoka nje.

Nikaichomoa prosesa nikiwa nimewapa mgongo. Pini tatu zilikuwa zimelala, na katikati yake kuna vumbi la samaki. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Lakini mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni ananitazama.

"Yule mama ametuuzia mzoga," nikasema.

Kesho yake nilimwita Mama Ajambo mwizi mbele ya wateja wake, tena kwa sauti ya juu. Aliichukua prosesa, akaiinua kwenye mwanga, akaisogeza karibu na pua. Akaniangalia. Kisha akamwangalia Herbert, aliyesimama nyuma yangu.

"Kosa ni langu," akasema. "Nitawapa ingine. Poleni kwa usumbufu."

Safari hii Herbert alikataa njia yangu. Alibeba bodi na prosesa yake ikiwa juu, akapita getini na risiti mkononi. Ofisa akaisoma, akamuuliza maswali mawili, akampisha. Mimi nilikuwa nyuma, nimebeba mikono yangu.

Chumba kikafunguliwa, vijana wakajaa. Nami, bila haya, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wa Tororo: msinunue kwa Ajambo wa Busia, ni tapeli. Watu wakanishukuru sana.

Mvua zilipoanza nilipita Rubongi nikamkuta mkwe wangu analima kwa jembe la mkono, mgongo umepinda. Nyumbani nikamuuliza Florence yule ng'ombe aliyebaki yuko wapi.

"Waliuza," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Siku chache baadaye fundi mwenzangu akanitania: "Injinia, wewe nakaribia kufungia yule mama duka." Wenzangu wakacheka. Nikapanda gari kwenda Busia.

Rafu za Ajambo zilikuwa nusu tupu.

"Mama, nimekuja kusema ukweli. Ile prosesa..."

"Niliinusa," akasema. "Keti."

"Sasa mbona ulikubali kosa?"

"Ulikuwa na shemeji yako. Mtu havuliwi nguo mbele ya wakwe."

Nikatoa pesa ya prosesa. Akanirudishia.

"Ililipwa kitambo. Herbert alirudi wiki ile ile. Dada yake alikuwa amemwambia kuhusu mfuko wa omena. Mzee wao akasema wauze yule ng'ombe mwingine, mimi nisipate hasara kwa kosa la mkwe wake. Wakaniomba nisikuambie, eti utaaibika."

Nilitaka ardhi inimeze. Muda wote huo nilidhani nawaficha, kumbe wao ndio walionifichia.

"Hiyo ilikwisha," Ajambo akaendelea. "Kitu sielewi ni watu wa Tororo. Hawaji tena. Sijui niliwakosea wapi."

Nikamwonyesha simu yangu. "Ni mimi, Mama."

Akavaa miwani, akasoma taratibu hadi mwisho. Akaivua.

"Hii sasa ndiyo imeniuma," akasema.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja shambani kwa mkwe wangu. Nikavua viatu, nikamweleza yote nimeinamisha kichwa.

"Tulijua," akasema. "Chukua jembe. Mvua nakuja."

Ndugu zangu mafundi, haya nayaandika kwenye kundi lile lile. Mama Ajambo si tapeli. Aliniuzia kitu kizima, mimi nikakiharibu, kisha nikamharibia jina. Nendeni kwake. Mkifika, ulizeni msichojua, kwa maana kuuliza kungeniaibisha dakika moja tu. Na mtu akikusitiri, usimlipe kwa kumchafua.

Mikono yangu ina malengelenge. Nitalima shamba lile mpaka jozi ya ng'ombe wa mzee irudi.

Na tafadhali, msiniite tena Injinia.