Mama Taaka na Mdudu Asiye na Macho

Leo mama mmoja amekuja maabara ninakofanya kazi kudai damu yake.

Mama Taaka huuza omena, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Bumala. Alipougua malaria, alitupatia damu ya utafiti hapa kwenye maabara yetu ya Alupe.
Sasa amesikia sokoni kwamba tunaiuza Uganda.

"Nirudishieni," akasema. Uso haukuwa wa mchezo.

Damu ya kumrudishia sikuwa nayo; ilikwisha kwenye vipimo. Nilikuwa na picha tu.

Nikamfungulia kompyuta. Nikamweleza kwamba hiyo ni damu yake, imekuzwa kwa darubini ya elektroni, ile inayoona vitu ambavyo darubini ya kawaida haifikii.
Chembe moja ya damu ilijaa skrini nzima. Ukingoni mwake, kijidudu cha malaria kilikuwa kinaingia ndani.

Mama akavuta kiti.

"Huyu ndiye aliniangusha?"

"Ndiye."

"Ako na macho?"

"Hapana, mama."

"Sasa mlango anauonaje?"

(Marafiki, nyinyi mngemjibu nini?)

Nikamwambia ukweli: tunajua kidogo tu, mengine bado tunatafuta.

Akaiangalia ile picha tena. Halafu akapandisha mkono wa blauzi.

"Basi toa damu ingine. Mkijua, mniambie."