Ndoo ya Mvua ya Kwanza

Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoingia na wafanyabiashara wakaanza kuuza maji kwa malori, mtaalamu mmoja alikuja Masasi na mashine ya kupimia maji. Mimi, fundi wa maabara, nikapewa kazi ya kuiendesha. Pampu ilivuta maji kwenye mpira mwembamba, yakakutana na dawa ndani ya boksi lenye giza, na yakiwa na chuma yalitoa mwanga. Mwanga ukizidi, kalamu ilipanda kwenye karatasi.

Maji ya mvua ya Newala, kule juu kusiko na mto, yaliipandisha hadi juu kabisa. Mtaalamu akaandika kwamba matangi ya mvua yafungwe, watu wanunue maji ya lori.

"Ulichota wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye ndoo, chini ya bati."

Nilitaka kucheka, hasira ikaniwahi. Newala nzima hakuna anayekunywa mvua ya kwanza. Ile tunaiacha ioshe kutu ya bati na vumbi la salfa tunayopulizia mikorosho, tunaikinga kwenye ndoo tukandie udongo. Inayofuata ndiyo inaingia kwenye tangi. Mama mwenye nyumba ile angemweleza yote hayo, kama mtaalamu angemwamkia kwanza na kuuliza.

Akanisogezea ripoti nisaini. Nikakataa. Kesho yake nikapanda Newala, nikachota ndani ya tangi lenyewe, nikarudi nikayapitisha maji hayo kwenye mashine. Kalamu haikuinuka.

"Nani amekuruhusu kuwasha mashine?" akafoka.

"Kiu," nikamwambia. "Mimi nimezaliwa Newala."