Wimbo Uliopanda Hadi Ukatoka Kwenye Karatasi

Mwalimu Kathure alikuwa amekwisha kufunga masufuria. Uhamisho ulimtaka Kitui muhula ukianza, na godoro lilikuwa limekunjwa, limepigwa kamba, limesimamishwa kwenye kona ya chumba. Kilichokuwa hakijafungika ni wimbo.

Wimbo wenyewe aliutunga yeye, mwaka ule Mto Tana ulipofurika na nusu ya wanakwaya wakalala kanisani na vyombo vyao. Wakauita "Maji Yamepita." Haukuandikwa popote, maana kila mtu aliujua. Ila kwaya ile ya Garissa, jamani, ni ya wapita njia: walimu, manesi, makarani wa kutoka bara. Serikali inawaleta, serikali inawachukua, na kila anayeondoka anaondoka na nyimbo zake kichwani. Mwalimu wa kwaya aliyemtangulia Kathure aliondoka hivyohivyo, akawaachia nusu ya wimbo wa Pasaka ambao hadi leo hakuna ajuaye unaishaje. Kathure hakutaka wake uje uwe nusu.

Bahati nzuri alikuwa amekuja Martin, kijana wa idara ya maji, mpiga kinanda. Bahati mbaya, Martin alisomea muziki wa mistari mitano na noti zake nyeusi, solfa haijui. Kathure naye tangu utotoni ni solfa tu, do re mi, hiyo mistari hajawahi kuiandika. Basi Martin akampa programu ya bure ndani ya flashi. Haina kalamu wala vitufe vya kuchorea, alimweleza. Unaandika maandishi matupu kama ujumbe wa simu, c ndiyo iwe do yako, d iwe re, namba ya pembeni ni urefu wa sauti, na yenyewe itakuchorea noti. Akamwachia karatasi ya maelezo, akaenda Masalani kikazi, na huko simu yake ikawa haipatikani. Angerudi Jumapili, na Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya Kathure.

Akaenda saiba ya Jawahir, duka la kompyuta za kukodi karibu na stendi ya tuktuk. Akaandika asubuhi nzima, akabonyeza. Programu ikamwambia kuna kosa mstari wa ishirini. Akautazama mstari wa ishirini, akausoma kwa sauti, akaufuta, akauandika upya neno kwa neno. Kosa mstari wa ishirini. Kumbe kosa lilikuwa huko juu kabisa, mabano aliyoyafungua akasahau kuyafunga. Kwa nini mtu agongwe Jumatatu alie Ijumaa, hilo hakulielewa. Aliyafunga tu.

Ukurasa ukatokea. Ubeti ulikuwa umekaa vizuri kwenye mistari yake. Lakini kiitikio! Pale wanapoimba "maji yamepita," sauti ikitoka do ya chini na kuruka hadi do ya juu, noti zilianza kupanda. Ya kwanza juu, ya pili juu zaidi, ya tatu imesimama kwenye vijistari kama ngazi ya fundi wa paa, na zilizofuata zikatoka kwenye karatasi kabisa, zikaenda zao.

Jawahir, ambaye kila p kwake ni b, aliinama akatazama. "Mwalimu, hii ni bicha ya nini? Mbuzi imebanda mlima?"

Kathure alisema huo ni wimbo wa kanisa. Jawahir akaondoa kidole chake kwenye kioo kwa heshima.

Wakaizima kompyuta, wakaiwasha. Mbuzi walikuwa bado mlimani. Wakahamia kompyuta ya dirishani. Huko nako vilevile. Kathure akarudia kazi yake herufi kwa herufi. Katika solfa, kila do ya juu huwekewa kialama kidogo begani, na yeye alikuwa ameziwekea zote, hakuiruka hata moja, kama alivyofundishwa na kama alivyokuja kufundisha wengine. Akavifuta vialama vyote. Sasa kiitikio kikalala chini pamoja na ubeti, kama mtu aliyekataa kuamka. Akavirudisha. Wakapanda. Machozi yakamlenga, akajifanya feni inampuliza macho.

Muda wote huo simu ya Jawahir ilikuwa ikiita. Aliipokea, akasema Kisomali kwa upole, akakata. Ikaita tena, akasema yaleyale. Mara ya tatu akaiweka mezani na kushika kichwa. Ni mzee Yarrow, alisema, anatafuta saiba apigiwe chapa vyeti vya mjukuu wake.

"Kila akibiga namwambia maduka mbili mbele. Sasa iko soko ya ng'ombe."

"Soko la ng'ombe? Amefikaje huko?"

"Mimi nimesema mara tatu, yeye ametembea mara tatu."

Kathure alicheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. "Alikuwa anahesabu kutoka pale aliposimama?"

"Sasa ahesabu kutoka wapi, abaayo, dada yangu? Kwa baba yako?"

Kathure aligeuka akaitazama kompyuta. Huenda kila noti nayo ilihesabu kutoka ile iliyoitangulia. Akafuta vialama vya do zote za juu, akaacha kimoja tu, cha ile ya kwanza, kisha akabonyeza huku amefumba jicho moja. Noti ya kwanza iliruka, na wenzake wakakaa palepale ilipotua. Hakuwa na hakika kama ameelewa. Aliprinti upesi kabla mambo hayajabadilika.

Jumapili, Martin aliiweka karatasi kwenye kinanda. Wimbo huo alikuwa hajausikia hata siku moja. Kathure alikuwa ameapa hatafungua mdomo, akakaa benchi la nyuma na mikono yake mapajani. Kinanda kikaanza, kwaya ikafuata, na ubeti ukatoka wenyewe, wake kabisa, kutoka kwa mtu ambaye hakuupokea kinywani mwa Kathure. Kiitikio kikaruka, kikatua panapostahili.

Kisha mambo yakaharibika. Baada ya "yamepita," Martin aliendelea mbele na kwaya yote ikasimama. Akaacha kupiga, akaitazama karatasi, akawatazama.

"Hapa hakuna kituo," alisema.

"Hapo huwa tunamngoja Lazarus," alisema Ciku wa soprano. "Besi. Huchelewa kupanda."

Martin akawapitia wanaume wa besi kwa macho. "Lazarus ni yupi?"

"Alihamishwa Lodwar mwaka juzi."

Martin akageuka nyuma kumtafuta Kathure, uso umejaa maswali. Kathure alikuwa ameshainuka kwenye benchi. Miaka yote aliyowaongoza hakuwahi kutambua kwamba bado wanangoja. Mkono wake ulikuwa ukingoja nao.

"Andika hapo," Kathure alimwambia Ciku.

Ciku akachukua penseli, akaandika juu ya ile noti: ngojeni. Wakaanza tena, na walipofika pale wakangoja, kinanda nacho kikangoja.