Ndagala Juu, Sindano Chini

Kanisani kwetu hapa Louisville watu wanajua kwamba ninafanya kazi kwenye mambo ya dawa. Ni kweli, sikuwadanganya. Yaliyobaki waliyajazia wenyewe, na tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada kuna mama ananivuta kando kunionyesha goti lake. Ninamwambia apake mafuta ya moto, kisha tuombe. Tunaomba. Goti haliponi, lakini Jumapili inayofuata ananiletea mume wake naye ana lake.

Kazi yenyewe ni hii. Watu wanaotumia madawa ya kulevya wanaandika kwenye mtandao kuomba vifaa, na sisi tunawatumia kwa posta. Tunatuma sindano mpya ili wasichangie za zamani, na karatasi za kupimia kama unga umetiwa fentanili, ile dawa kali inayoua upesi. Zaidi ya yote tunatuma ile dawa ya kupuliza puani: mtu akizidiwa na madawa, pumzi ikakatika, unampulizia na anarudi. Hatuwaulizi kwa nini wanatumia. Hatuwaambii waache. Tunataka kesho wawe hai, mengine yatajulikana.

Nilipoingia sikujua lolote kati ya hayo. Nilitoka kwenye ghala la viatu, ambako nilisifiwa kwa kufunga maboksi haraka, nikasikia kuna mahali wanatafuta mfungaji wa vifaa vya hospitali, nikaenda. Siku nilipoelewa sindano zinakwenda kwa nani, nilikasirika mpaka nikavua glovu. Aka! Yaani nimekimbia vita Uvira, kule Kongo, nimekaa kambini miaka na miaka, nije Amerika kuwafungia wala unga sindano kama zawadi ya Noeli? Nilimwambia bosi wangu kwamba jambo hili halimpendezi Mungu. Bosi ni Mmarekani mpole ambaye zamani na yeye alikuwa anajidunga. Akasema ananielewa. Halafu akaniambia kwamba mdogo wake alifia chooni, nyumbani kwao, watu wakiwa sebuleni wanaangalia mpira. Nikavaa glovu. Sikumwambia kwamba nimebadili mawazo, na yeye hakuuliza.

Kisha majina kwenye lebo yakaanza kuwa ya kwetu. Vijana wa Buffalo, vijana wa Columbus, na wengine wa apatimenti za hapa Highview, ambako ningeweza kwenda kwa miguu nikagonga mlango na kumsalimia mama yake. Iliniuma sana. Hawa tuliwabeba mgongoni.

Sasa, ofisi ina sheria: boksi liende bila maandishi ya nje, bila jina la mtumaji. Kwa Wamarekani hiyo ni heshima. Kwetu sisi, jamani, boksi lisilo na jina la mtumaji likiingia kwenye nyumba ya Wakongomani, hiyo ni kesi. Mama anawaza mahakama, anawaza uhamiaji, anawaza uchawi. Anaitwa mtoto anayesoma Kiingereza, mtoto anajibu kwa Kiingereza kwamba hajui, mjomba anaitwa kwenye simu ya video ili naye aone. Boksi linafunguliwa mezani mbele ya wote, linaombewa, linatupwa, na kijana anafukuzwa.

Kwenye mkutano nikanyoosha mkono. Nikasema: wekeni ndagala juu. Ikabidi niwaeleze kwamba ndagala ni samaki wadogo wakavu wa Tanganyika, na kwamba sisi, jimbo kwa jimbo, tunatumiana chakula kwa posta: ndagala, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyokaushwa, unga wa muhogo. Boksi linalonuka samaki hakuna anayeuliza limetoka wapi. Limetoka kwa shangazi fulani, basi. Wakapiga makofi. Bosi akasema huku ndiko kuheshimu tamaduni. Ndagala nilizipata kupitia mdogo wangu wa Columbus, maana huko duka la Wakongomani lina nzuri. Yeye akakata shauri kwamba nimefungua mgahawa na nimemficha, akaninunia muda mrefu.

Kusema kweli nilivimba kichwa. Nilijiona nina akili kuliko ofisi nzima pamoja na diploma zao.

Nilichosahau, mimi niliyezaa na kulea, ni kwamba kwetu boksi la chakula halina mwenyewe. Lebo ina jina la kijana, sawa, lakini samaki ni wa mama. Bahasha ya kijana, mama anaweza kuiacha mezani. Ndagala atazifungua kabla hajavua koti.

Katika kila boksi tunaweka kadi yenye namba ya kuuliza maswali, na simu za Kiswahili ninapokea mimi. Siku moja akapiga mama mmoja wa Buffalo, upande wa Black Rock, kule karibu na mto ambako watu wetu wananunua zile nyumba za zamani. Alianza na ndagala. Alishukuru, akasema zina mchanga kidogo lakini zinaliwa, majirani wamepata na wao.

"Bon," akasema. "Na hivi vyombo vya chini? Mutoto wangu aliniambia anasoma unesi. Ni nyinyi shule?"

Hatuna ruhusa ya kumwambia mtu yeyote, hata mama mzazi, nani ameagiza nini na kwa ajili gani. Nikikataa, atauliza basi ni nini. Nikikubali, nimedanganya mama wa watu. Lakini nikaona ile nyumba kana kwamba nimesimama ndani yake: kijana juu, mama chini, hakuna mwingine. Akianguka, wa kumwokoa ni huyu tu, na dawa anayo mkononi sasa hivi akidhani ni vifaa vya darasani.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni masomo. Tena kuna zoezi la mzazi."

"Zoezi gani?"

"Mzazi anajifunza ile dawa ya puani, halafu anamfundisha mwanafunzi. Bila hiyo hafaulu."

Mungu anisamehe, ilitoka laini kama siagi. Nikamfundisha. Mtu akilala haamki, kucha na midomo inageuka rangi, mwite, msugue kifua kwa ngumi. Haamki? Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma, ingiza ncha puani, bonyeza. Piga simu ya dharura. Mpe pumzi mdomoni. Baada ya dakika mbili tatu hajarudi, chukua ya pili, tundu la pili. Akianza kupumua, mlaze ubavu na usimwache peke yake.

Alikuwa mwanafunzi mzuri ajabu. Kila kitu alikirudia, na maswali yake yalikuwa ya mtu mwenye bidii.

"Na kama amefunga mulango kwa ndani?"

Hilo halikuwa kwenye somo. Nikamwambia, basi ni bora kile kitasa kiondolewe mapema. Akasema sawa. Nilipotaka tufunge kwa maombi, tuombee na mitihani ya kijana, akanikatiza, "Ngoja kwanza dada, nirudie ile ya kichwa." Akairudia. Halafu akashukuru akakata, maombi hatukufanya. Nikadhani anawahi zamu.

Bosi nilimsimulia nusu tu, ile nusu inayonisifu. Nyumbani nilijicheka peke yangu jikoni. Mama wa watu, nilimhurumia: kutwa anatangaza Buffalo nzima kwamba mwanawe atakuwa nesi! Nilikuwa hata nimeanza kutafuta maneno ya kumpoza siku atakapojua.

Baridi ilipokolea akapiga tena. Niliijua sauti yake ingawa ilikuwa imekauka.

"Amepumua," akasema.

Nikakaa kwenye maboksi. Akanieleza taratibu. Kijana aliingia bafuni, akachelewa kutoka. Akamwita, kimya. Mlango aliusukuma kwa mkono mmoja, kitasa alikwisha kukiondoa siku ile ile tulipoongea. Midomo ilikuwa imegeuka. Dawa ya kwanza haikumrudisha, ya pili ikamrudisha, na watu wa ambulansi walipofika walimkuta amelala ubavu, anamtukana mama yake kwa Kiingereza. Sasa yuko kwenye kiti kirefu cha sebuleni, amekunywa uji.

Nililia, sioni haya kusema. Halafu, kwa kuwa ukweli ulikuwa umeshafika mlangoni, nikajikaza.

"Mama, kuhusu ile shule..."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka kabisa.

"Shule gani, dada yangu? Hakuna shule. Mutoto hajawahi kutaja shule. Ni mimi nilitunga, nikiwa nimekaa kwenye basi, donc nipate namna ya kukuuliza. Mimi nahudumia wazee. Sindano ninaziona kila siku, na mutoto wangu ninamuona kila siku."

Na mimi niliyekuwa nimejipongeza jikoni!

"Lakini kwa nini hukuniambia tu? Sisi hatuhukumu mtu. Ndiyo kazi yetu."

"Ningekuambia mutoto wangu anajidunga, ungefanya nini?"

Nikaanza kumweleza tulivyofundishwa kazini kusikiliza, kutoshtuka, kutohoji. Aliniacha nimalize yote.

"Ungeniombea," akasema. "Nilikusikia sauti. Ungeniombea sana."

Ningemwombea, tena kwa machozi, angeshukuru na kukata simu, na tusingefika kwenye somo la pua.