Shingo ya Mbuzi Aliyopewa Shangazi

Hapana, sitaituma. Kaka anasema meseji haina kosa, ina heshima, ina pole, ina mpaka mistari ya kumliza mtu, sasa nangoja nini. Ndiyo, vyote hivyo inavyo. Ila iliyoiandika ni ile ile AI ya kwenye simu yangu iliyotufikisha hapa, na shangazi akisoma mstari wa kwanza tu atajua. Mimi sijawahi kumwita "mpendwa" tangu nizaliwe. Namwita shangazi, na nikiwa na shida namwita mama.

"Kwani atajuaje?" kaka akaniuliza, ameegemea mlango wa jiko anakula ndizi ya kuchoma. "Barua yangu ya kazi si ulitunga nayo? Bosi alijua?"

Nikamwambia bosi alikuwa hakujui. Shangazi anatujua.

Wacha niandike ilivyokuwa, maana nikisimulia kwa mdomo nakasirika na kuruka vitu.

Sisi tunaishi Soweto, Moshi mjini, lakini nyumbani ni Kilema, kwenye kihamba cha babu, shamba la ukoo, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Kila Krismasi tunapanda huku, tunachinja mbuzi, na babu anagawa. Kugawa kwenyewe siyo kukatakata tu. Kila kipande kina mwenyewe. Mgongo ulikuwa wa bibi, kwa sababu ndiye mwenye jiko. Bibi alipofariki, babu akaanza kumpa shangazi, dada yake baba, ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani, akamuuguza bibi, na baadaye akamuuguza babu mwenyewe. Babu hakuwahi kutoa hotuba juu ya hilo. Alikuwa anamkabidhi ule mgongo mbele ya watoto wake wote, basi, kila mtu anajua shangazi ni nani kwenye ile nyumba.

Krismasi hii babu hayupo, tulimzika mwaka huu huu. Baba ndiye mkubwa sasa, lakini baba Krismasi nyingi alikuwa kazini, na zile alizokuja alikuwa anakula tu. Mzee mmoja wa ukoo anayejua kugawa alisema atafika baada ya misa ya pili, tumsubiri. Kusubiri ndiyo kitu nisichoweza. Mbuzi ananing'inia nyuma ya nyumba, nzi wameanza kuja, watoto wanauliza nyama kila dakika, na mimi nina simu mkononi.

Niseme ukweli, hiyo AI naitumia kwa kila kitu. Nikishindwa Kiingereza cha kwenye chupa ya dawa ya kahawa, inanieleza. Hesabu za watoto wa jirani inazifundisha kuliko mwalimu wangu wa kidato cha pili. Baba aliiuliza kuhusu presha yake ikamwambia aende hospitali, akanuna, lakini alienda na kweli akapewa dawa. Kwa hiyo nilipoiuliza Wachaga wanagawaje mbuzi wa Krismasi, sikuona naharibu kitu. Na yenyewe haikusita. Ilimwaga majibu pale pale, yamepangwa vizuri, utadhani ilikuwepo kila mwaka.

"Soma, padri, tunasikiliza," kaka akasema, kisu mkononi.

Nikasoma. Kidari ni cha mtoto wa kiume mkubwa. Baba akaitikia kwa kichwa, akasema hiyo kweli, hata babu alikuwa anafanya hivyo. Ikawa tumeiamini kwa hicho kimoja. Mgongo, ikasema, ni wa mke wa mtoto wa kwanza. Huyo ni mama. Mabinti walioolewa wana sehemu yao. Majirani na wageni wanapewa shingo. Nikapandisha, nikashusha, namtafuta shangazi. Hakuolewa tena, siyo mke wa mtu, siyo mjane. Hakuwepo popote. Hilo niliona, na ndilo linaloniuma, kwamba niliona. Nikamuuliza baba tufanyeje. Mikono yake ilikuwa imejaa damu, alikuwa anataka kumaliza. Akasema dada mpe hiyo shingo, nyama si ni ile ile.

Nikaibeba mimi mwenyewe kwenye sinia. Shangazi alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akaiangalia ile shingo, akaniangalia mimi.

"Nani kagawa?"

"Mimi, shangazi. Nimeangalia kwenye simu."

"Simu imeniweka wapi?"

Nikajibu upesi, kama niko darasani na swali nalijua. "Kwa wageni."

Akaosha kisu, akakipangusa kwenye khanga. "Haya," akasema.

Akaipika shingo na zile ndizi, tukala wote, na kaka akasifia supu. Mzee wa ukoo alipofika nyama ilishagawanywa, akapewa mbege, pombe yetu ya ndizi, akanywa, hakuuliza kitu. Asubuhi shangazi hakuwepo. Alikuwa amefagia uwanja, amewapa ng'ombe majani na maji, na ufunguo wa nyumba ameuacha juu ya meza ya babu. Baba akampigia. Yuko Mkuu, Rombo, kwa rafiki yake anayeuza nguo sokoni. Aliongea kwa adabu kabisa. Alisema, "Kaka, mgeni akishakula si anaondoka?"

Baba akacheka, akadhani ni utani. Mama hakucheka. Mama ndiye aliyetufungua macho, na alikuwa amekaa na jambo lile tangu nilipomletea mgongo. Alijua siyo wake. Alidhani baba na wadogo zake wamekaa wakaamua.

"Nilijua mmemwambia kwa nyama," akasema. "Mimi ni mke tu hapa, ningeuliza nini?"

Kama mama alielewa hivyo, shangazi aliyezaliwa kwenye kile kihamba angeelewa vipi? Maana yake anaamini kaka zake walisubiri baba yao afe ndipo wamwambie kwamba hapa siyo kwake. Na aliyempelekea habari ni mimi, tena natabasamu.

Jioni nikaifungua tena ile AI, nikaieleza yote, nikaiuliza kwa nini ilisema vile. Ikanijibu kwamba niko sahihi kabisa, kwamba mila hutofautiana kati ya ukoo na ukoo, na hata kati ya nyumba na nyumba, na kwamba inaomba radhi. Nikaiuliza kama ilijua hivyo mbona haikusema mapema. Ikaomba radhi tena. Naweza kuigombeza wiki nzima, itaomba radhi wiki nzima, na haitapungukiwa na kitu. Ikaniuliza kama ningependa inisaidie kumwandikia shangazi. Nikasema ndiyo. Ndiyo hiyo meseji kaka anayoisifia.

Lakini siilaumu sana. Yenyewe haikuwahi kuja Kilema hata Krismasi moja. Niliyekuwepo ni mimi. Nilikuwa nasimama pale pale kwenye migomba namwona babu ananyoosha mkono, na shangazi anapokea kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, halafu anaingia jikoni hageuki nyuma. Niliona kila mwaka. Nilichotakiwa ni kukumbuka, au kumsubiri mzee amalize misa, au kuingia jikoni kumuuliza shangazi mwenyewe babu alikuwa anafanyaje. Angeniambia. Pengine angefurahi kuulizwa.

"Sasa kama siyo meseji ni nini?" kaka akasema. "Utaenda mpaka Rombo ukamwambie simu ilikosea?"

Nikamwambia nitaenda na sale. Hapo akaacha kutafuna. Sale ni yale majani marefu yanayopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na kwetu mtu akikujia ameshika jani la sale, hata kama hajafungua mdomo unajua amekuja kuomba msamaha, na kumfungia mlango ni vigumu sana.

"Ukienda peke yako atakusamehe wewe," kaka akasema. "Wewe hajakukasirikia."

Ni kweli. Kwa hiyo nikaenda kwa baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha babu, nikamweleza. Akasema dada yake ana hasira za karibu, zitaisha zenyewe, na kwanza kosa ni la simu. Kwa kawaida baba akisema hivyo nanyamaza.

"Baba, shangazi hangoji simu iombe radhi," nikamwambia. "Anangoja wewe useme hukuamua."

Akauchukua ule ufunguo pale mezani, akaugeuzageuza, akaurudisha. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo akaniuliza magari ya Rombo yanaanza kupita saa ngapi.

Kesho asubuhi nitaamka kabla ya mama. Nitakata sale kwenye mpaka, upande ule wa dirisha la shangazi, nitalifunga kwa kitambaa chenye maji lisinyauke njiani. Mgongo mama hakuupika, ameutundika juu ya moshi wa jiko. Baba ataubeba yeye mwenyewe, tena atatangulia, na mimi nitakuwa nyuma na sale na ufunguo. Baba akisema amechoka, nitakaa kwenye mlango wa chumba chake mpaka avae viatu. Simu nitaiacha nyumbani kwenye chaji. Tukifika nitasema shikamoo shangazi, halafu nitanyamaza, na nitasubiri baba aongee hata ikichukua siku nzima.