Nipime Nimesimama

Ndunge Matheka hupanga biskuti kwenye maboksi, kiwandani Industrial Area, na kazi hiyo hufanywa kwa kusimama kutwa. Hakuna ajuaye kwa nini. Biskuti hazijali.

Akisimama, damu humteremkia miguuni ikakawia huko. Moyo huikimbilia kama mtu aliyenyakuliwa simu. Macho huingia giza, vidole hupoa, halafu sakafu huja.

Daktari alimweleza: mishipa ya fahamu inayoendesha moyo na damu bila kuamrishwa imevurugika. Anywe maji mengi, aongeze chumvi, asisimame kwa muda mrefu. "Presha yako huyumba," akasema.

Neno hilo ndilo lililomponza. Kwao Kariobangi, presha ni ile ya kupanda tu. Mama mkwe akaficha chumvi. Majirani wakamwambia apunguze mawazo.

Jumatatu alianguka tena, katikati ya maboksi.

"Leo ni sinema gani, Ndunge?" akauliza Wahome, msimamizi.

"Naomba kiti, bosi."

"Kiti ni cha ofisi. Twende kwa sista. Akisema uko sawa, utasimama kama wengine ama uende nyumbani kabisa."

Sista Teresiah, muuguzi wa kiwanda, alimkalisha, akamfunga mkanda wa kupimia. "Presha sawa, mapigo sabini na nane. Uko fiti kunishinda mimi!"

Wahome akacheka. Ilikuwa mara ya tatu Ndunge kupimwa hapo, na mara zote tatu alikalishwa kwanza.

"Sista," Ndunge akasema, "mimi huanguka nikiwa nimekaa?"

"La."

"Basi mbona unanipima nimekaa? Gari likizima mlimani, fundi hulikagua likiwa limeegeshwa?" Akainuka. "Nipime nimesimama. Na wewe Wahome usitoke. Angalia sinema."

Walingoja. Dakika ya pili, mapigo mia na kumi na nne. Dakika ya tano, mia thelathini na sita. Midomo yake ilikuwa imepauka kama unga.

"Kaa, mama," sista akasema.

"Andika kwanza."

"Utaanguka!"

"Nimeanguka mara sita mkisema naigiza. Andika!"

Kalamu ilikwaruza. Ndunge akaketi, akafumba macho mpaka chumba kikaacha kuzunguka.

"Si ungesema mapema," Wahome akanong'ona.

Miezi mitatu alikuwa amesema. Pumzi aliyobaki nayo alikuwa na kazi nayo. Aliinuka, akakishika kwa mgongo wake kile kiti alichokalishwa na sista, akakiburuta kupita mbele ya ofisi, miguu ya kiti ikipiga mayowe kwenye saruji mpaka mashine zikasahauliwa na kila mtu akageuka. Akakiweka penye maboksi yake. Akaketi. Kisha akatoa mfukoni kikaratasi cha chumvi, chumvi aliyoiiba jikoni kwake mwenyewe, akailamba mbele ya wote, akimkodolea macho Wahome.